Magonjwa ya akili yanatokana na nini hasa? Kila mtu ananipa jibu lake

Mdadisi_Pole:

Wakuu habari za saa hizi. Nina swali limenikaa kichwani muda mrefu na kila nikiuliza napewa jibu tofauti. Nimeanza kujisomea saikolojia mwenyewe tu, sio chuoni, sasa nimefika kwenye magonjwa ya akili ndo nimevurugwa kabisa. Huku unaambiwa ni kemikali za ubongo zimepungua, kule wanasema ni jeni za kurithi, mwingine anakwambia angalia utoto, ulilelewaje, ulipigwa, ulitelekezwa, afu kuna video moja jamaa anasema hakuna ugonjwa hapo ni uvivu na kukosa imani. Sasa tushike lipi?

La pili, mpaka kitu kiitwe ugonjwa ni kimefika wapi? Maana kila mtu anahuzunika, kila mtu anaogopa, na kuna watu wanarudi kuangalia mlango kama wameufunga mara tatu na maisha yao yanaenda.

La tatu ndo linaninyima usingizi niseme ukweli. Mama yangu mdogo ana bipola, ule ugonjwa wa kupanda juu kupita kiasi kipindi fulani na kuzama kwenye huzuni kipindi kingine, ameshalazwa zaidi ya mara moja. Je na mimi nipo kwenye foleni? Mwenye kujua anieleweshe kwa lugha ya kawaida jamani.

Kigoda_Mbele:

Naweka kigoda hapa, swali hili hata mi nilikuwa nalitafutia mtu.

Nesi_Wa_Zamu:

Habari ndugu. Mi nafanya kazi wodi ya afya ya akili, sio daktari, kwa hiyo nichukulie hivyo hivyo. Naanza na hilo la pili kwa sababu bila hilo la kwanza halieleweki.

Anayekupima anaangalia vitu vichache kwa pamoja. Hii hali inamtesa mwenyewe au walio karibu naye? Imemshinda kufanya yale aliyokuwa anayafanya, kazi, kula, kulala, kuoga, kulea watoto? Imekaa muda gani? Na je inaeleweka ukiangalia kilichomkuta? Mtu kafiwa na mke wiki hii, hali, halali, na anasema usiku kasikia sauti ya marehemu inamwita, huyo hatumwandikii ugonjwa, huyo kafiwa. Mtu yule yule akiwa mwaka umepita na hawezi kutoka kitandani hapo tunaongea mengine.

Kwa sonona, yaani ile huzuni nzito ya ugonjwa, mwongozo wa Wamarekani unaoitwa DSM (toleo la 5 la mwaka 2013, likarekebishwa 2022) unataka dalili 5 au zaidi kati ya 9, zikae wiki 2 au zaidi, karibu kila siku, na moja kati ya hizo lazima iwe ama moyo kuwa mzito ama kukosa hamu na vitu ulivyokuwa unavipenda. Nyingine ni usingizi kuvurugika, uzito au hamu ya chakula kubadilika, uchovu usioisha, kujiona huna thamani, akili kutotulia sehemu moja, mwili kuwa mzito au kuhangaika, na mawazo ya kifo. Shirika la Afya Duniani (WHO) nalo lina mwongozo wake, ICD, toleo la 11 limeanza kutumika 2022, na kwenye sonona hawapishani sana.

Huyo wako wa mlango mara tatu ni mzima tu. Ila mtu anayerudi mlangoni mpaka saa nzima ya siku yake inaishia hapo, anachelewa kazini, mwenyewe anajua haina maana na bado hawezi kuacha kwa sababu akiacha kifua kinambana, huyo ni mwingine.

Na wala sio watu wachache. Makadirio ya WHO kwa mwaka 2019 yalikuwa watu milioni 970, mtu 1 kati ya kila 8. Wanaoongoza ni wale wa wasiwasi uliopitiliza, milioni 301, sonona milioni 280, bipola milioni 40, skizofrenia, ule wa kusikia sauti zisizokuwepo na kuamini mambo ya ajabu, milioni 24. Watu wakisikia "mgonjwa wa akili" wanamfikiria mtu anayeongea peke yake barabarani, kumbe kwenye hesabu hiyo wengi ni watu unaowasalimia kila asubuhi na wanakujibu nzuri.

Sasa chanzo. Wodini hatuulizi "chanzo ni nini" kana kwamba kipo kimoja kimejificha tukikipata tumemaliza. Tunauliza maswali matatu, nini kilimweka mtu tayari, nini kimewasha sasa hivi, na nini kinafanya kisizime. Mi huwa naeleza ndugu wa mgonjwa kwa kuni, kiberiti na upepo. Kuni ni kama kurithi, matatizo akiwa tumboni, utoto wa mateso. Kiberiti ni msiba, kufukuzwa kazi, kujifungua, kukesha siku nyingi, bangi. Upepo ni pombe anayokunywa ili alale, madeni, kujifungia ndani, aibu, ugomvi wa kila siku nyumbani. Watu wawili wanaweza kupata msiba ule ule, mmoja akaumia akapona, mwingine akazama, na ukifuatilia unakuta kiberiti kilikuwa kimoja ila kuni hazikulingana.

Daktari mmoja wa Marekani, George Engel, aliandika mwaka 1977 kwamba mwili, nafsi na jamii viangaliwe kwa pamoja, na mpaka leo ndo tunafundishwa hivyo. Kwa vitendo mara nyingi tunaishia kwenye vidonge kwa sababu foleni ni ndefu, lakini hiyo ni shida ya foleni.

Bishaneni_Tu:

Nesi nakuheshimu ila hapo kwenye mwongozo ndo mi nakwama. Yaani watu wanakaa kikao wanakubaliana dalili 5 kati ya 9, kwa nini isiwe 4? Mwaka 1851 daktari wa Marekani anaitwa Samuel Cartwright aliandika kwamba mtumwa anayetoroka anaumwa akili, akaupa na jina kabisa, drapetomania, na kwenye tiba zake viboko vilikuwepo. Sovieti waliokuwa wanaipinga serikali waliandikiwa skizofrenia "inayokwenda taratibu" wakafungiwa hospitali. Ushoga ulikuwa umeandikwa ugonjwa mpaka 1973 Wamarekani wakautoa. Kila zama na orodha yake, halafu leo tunaambiwa hii ya sasa ndo sayansi? Hakuna kipimo cha damu, hakuna eksirei, unaulizwa maswali unatoka na jina. Mi naona nusu yake ni maisha magumu yamepewa majina makubwa.

Nesi_Wa_Zamu:

Hiyo historia yote ni kweli na inatakiwa kufundishwa. Ila angalia Cartwright alichofanya, aliita ugonjwa tabia iliyokuwa inamkera mwenye watumwa, mtumwa mwenyewe alikuwa hana shida yoyote anataka kwenda zake. Ndo maana lile swali la nani anateseka na kwa sababu gani haliwezi kurukwa.

Afu njoo siku moja ukae na mama aliyejifungua wiki iliyopita, hajalala usiku wa tatu huu, anaongea haraka haraka na ana uhakika mtoto aliyemshika amebadilishwa. Hali kama hiyo inawapata mama 1 au 2 kati ya 1000 wanaojifungua, ni dharura ya kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo, na wengi wakitibiwa wanarudi kuwa wazima. Ukimwambia mume wake ni maisha magumu yamepewa jina kubwa sijui atakuelewaje.

Mzee_Wa_Kliniki:

Bishaneni nikujibu hilo la damu, mi nimestaafu ila kichwa bado kipo.

Zamani zile kabla ya antibayotiki, hospitali za wagonjwa wa akili za Ulaya na Marekani zilikuwa zimejaa watu wa aina moja, mtu mzima wa makamo, ghafla anajiona tajiri mkubwa au mfalme, anagawa mali, baadaye kumbukumbu inakwenda, miguu inalegea, anakufa. Waliandika sababu za kila namna, tabia mbovu, kufikiri sana, ukoo dhaifu. Mwaka 1913 Hideyo Noguchi na mwenzake wakaonyesha vijidudu vya kaswende ndani ya ubongo wa wagonjwa hao. Penisilini ilipoanza kutumika miaka ya 1940 wodi zile zikaanza kupungua mpaka vijana wa leo wengi hawajamwona mgonjwa wa hivyo hata mmoja.

Kwa hiyo unaposema damu haipimwi sio sahihi, inapimwa, ila inapimwa kutafuta kitu kingine kinachojifanya ugonjwa wa akili. Tezi ya shingoni ikilegea kazi mtu anakuwa mzito, analala, analia, anaonekana ana sonona. Tezi hiyo hiyo ikizidisha, mapigo yanakwenda mbio na anaonekana ana wasiwasi. Upungufu wa vitamini B12, kifafa cha sehemu fulani za ubongo, uvimbe kichwani, maambukizi, dawa fulani za hospitali, pombe aliyoacha ghafla, yote hayo yanaweza kuja yamevaa nguo za saikosisi (kusikia au kuona visivyokuwepo na kushika imani za ajabu) au za sonona. Mwaka 2007 tu ndo ulielezwa vizuri ugonjwa ambao kinga ya mwili inashambulia vipokezi vya NMDA, sehemu za kupokea ujumbe kwenye ubongo, wengi wao wasichana, anaanza kuona vitu na kufoka, anapelekwa wodi ya akili kumbe anahitaji dawa za kutuliza kinga. Kijana aliyebadilika ndani ya siku chache, ana homa au degedege, msikae naye nyumbani mnabishana ni jini au ni stresi, apelekwe.

Sasa jiulize kitu kimoja, hao wa kaswende kabla ya 1913, wakati chanzo chao hakijajulikana, walikuwa sio wagonjwa? Kutojua chanzo na kutokuwepo ugonjwa ni vitu viwili.

Bishaneni_Tu:

Hapo mzee umenipa la kutafuna. Ila bado 5 kati ya 9 hamjanijibu hahaha

Mzee_Wa_Kliniki:

Ni makubaliano kijana, sitakudanganya. Hata presha ya damu inaanzia wapi kuitwa ugonjwa ni makubaliano na imeshabadilishwa. Mtu mwenye dalili 4 anayeteseka anasaidiwa vile vile.

Mwalimu_Takwimu:

Mdadisi, nikusaidie kwenye lile la mama mdogo maana hapo namba zinatuliza kuliko maneno matamu.

Tuanze na skizofrenia kwa sababu imechunguzwa sana upande huu. Kwa watu wote kwa ujumla uwezekano wa kuipata maishani ni kama asilimia 1. Ukiwa na pacha wa kufanana, mliyetoka yai moja, na yeye anaumwa, wako unapanda mpaka karibu na nusu. Iangalie hiyo namba pande zote. Kutoka 1 mpaka huko ni kupanda sana, kwa hiyo kurithi kupo asikudanganye mtu. Lakini hao wawili wana jeni zile zile, na ingekuwa jeni peke yake inaamua basi ingekuwa 100. Waliobaki wanazeeka na jeni zao bila kuugua.

Finland kuna watafiti wakiongozwa na Pekka Tienari walifuatilia watoto waliozaliwa na mama wenye skizofrenia halafu wakalelewa na familia nyingine. Walioangukia kwenye nyumba za vurugu, watu hawaelewani, waliugua zaidi kuliko walioangukia kwenye nyumba zilizotulia, wakati kwa watoto ambao mama zao wa kuwazaa hawakuwa wagonjwa aina ya nyumba haikuleta tofauti kubwa hivyo. Kwa hiyo wanaobishana ni damu au ni malezi wanabishana bure, damu ndo inaamua malezi yakuume kiasi gani.

Na kuna vitu ambavyo sio jeni wala malezi. Uholanzi kulikuwa na njaa kali majira ya baridi ya 1944 kuingia 1945 wakati wa vita, watoto ambao mimba zao zilitungwa kipindi kile kikali, walipokuwa watu wazima skizofrenia ilionekana kwao kama mara mbili ya wenzao. Mtu alikuwa hajazaliwa hata.

Afu sahau habari ya "jeni ya ugonjwa wa akili". Utafiti mkubwa wa 2022 ulipata sehemu 287 kwenye vinasaba zinazohusiana na skizofrenia, na kila moja inasukuma kidogo mno. Mwaka 2003 kulikuwa na utafiti ulivuma sana kuhusu jeni moja ya serotonini (moja ya kemikali za ubongo), kwamba ukiwa na aina fulani na ukakutwa na misukosuko unapata sonona, ukaingia kwenye vitabu. 2019 ikapimwa tena kwenye data za watu laki kadhaa na haikuonekana kitu. Kama kitabu chako bado kinaisifia angalia kimechapwa lini.

Turudi kwako. Bipola ukiwa na mzazi au ndugu wa tumbo moja anaumwa, makadirio yanakaa kama asilimia 5 mpaka 10. Mama mdogo yuko hatua moja nyuma ya hapo, kwa hiyo wewe upo chini yake. Hata nikikupa namba ya juu kabisa ya hao wa karibu, watu 90 kati ya 100 hawapati. Foleni gani hiyo ambayo karibu wote waliopanga hawaingii ndani?

Dozi_Na_Maji:

Mimi upande wa dawa. Hii habari ya "kemikali zimepungua" inatakiwa irekebishwe maana inazunguka sana mtandaoni, na wengine sasa wameigeuza kuwa sababu ya kutupa dawa zao.

Ilianzaje. Miaka ya 1950 kulikuwa na dawa ya kifua kikuu inaitwa iproniazidi, wagonjwa waliopewa wakawa wachangamfu kuliko ilivyotegemewa. Ikaonekana inazuia ubongo kuvunja serotonini na wenzake, watu wakafikiri kurudi nyuma, kama kuongeza serotonini kunapunguza sonona basi sonona ni upungufu wa serotonini. Wazo zuri, rahisi, linauzika. Shida ni kwamba dawa za sonona zinagusa serotonini ndani ya masaa lakini mgonjwa anaanza kusikia nafuu baada ya wiki 2 mpaka 6. Ingekuwa ni kujaza tu kilichopungua angeamka kesho yake. Mwaka 2022 ikatoka mapitio ya tafiti nyingi kwa pamoja, yakasema ushahidi kwamba serotonini iliyopungua ndo inaleta sonona haujasimama. Watu wakasoma kichwa cha habari wakasema "dawa ni utapeli". Hapana, kujua kama dawa inasaidia unapima kwa kuwapa watu dawa na wengine kidonge kitupu, sio kwa kubahatisha nadharia, na huko zinasaidia, zaidi kwa wale waliozama sana. Usiache dozi ghafla kwa sababu ya thredi ya mtandaoni, ikiwemo hii, unaweza kusikia kizunguzungu na ugonjwa unaweza kurudi. Ongea na aliyekuandikia mpunguze taratibu.

Kwa dopamini, kemikali nyingine ya ubongo, na saikosisi ushahidi ni mzito zaidi kidogo. Dawa zote za kwanza zilizozima sauti na imani za ajabu, kuanzia klopromazini mwaka 1952, zinaziba vipokezi vya dopamini, na ukimpa mtu asiyeumwa amfetamini nyingi, dawa ya kusisimua inayopandisha dopamini, anaweza kuanza kuona anafuatwa. Lakini hata hapo swali linabaki, nini kiliivuruga hiyo dopamini? Kemikali inakwambia kinachotokea, haikwambii kwa nini kwa huyu na kwa nini mwaka huu.

MamaWaWawili:

Jamani nimesoma yote, nimekaa kimya ila naomba na mimi niulize. Mwanangu wa kwanza alianza kuumwa akiwa na miaka 19. Alikuwa mtoto mpole anayefaulu, akaanza kujitenga, akaacha kuoga, akabandika magazeti madirishani anasema majirani wanampiga picha. Sasa hivi anatumia dawa, ana siku nzuri na siku mbaya. Kinachoniua mimi ni maneno. Ndugu wanasema nilimlea peke yangu nilikuwa mkali sana, wengine wanasema nilimdekeza, yaani vyote viwili kwa wakati mmoja, na kuna mshauri mmoja swali la kwanza aliloniuliza ni "uhusiano wako na mtoto ulikuwaje akiwa mdogo" nikajua nimeshahukumiwa tayari. Hapa nimeona mnaandika nyumba za vurugu. Naomba mnijibu bila kunionea huruma, ni mimi?

Nesi_Wa_Zamu:

Mama shikamoo. Hapana. Nakujibu hivyo kwanza halafu ndo naeleza.

Ulichobebeshwa wewe walibebeshwa mama wengi kabla yako na wataalamu kabisa. Mwaka 1948 Frieda Fromm-Reichmann, daktari aliyekuwa na jina kubwa, aliandika kuhusu mama anayesababisha skizofrenia kwa namna anavyomlea mtoto. Kwa watoto wenye usonji wakasema ni mama baridi kama jokofu. Vizazi vya mama walikaa kwenye vyumba vya madaktari wakiambiwa ni wao. Tafiti zilipofanywa vizuri hakuna kilichobaki. Mama mkali wapo kila nyumba ya tatu na watoto wao hawafungi madirisha kwa magazeti. Umri wenyewe unaeleza, skizofrenia kwa vijana wa kiume huwa inajitokeza mwishoni mwa ujana mpaka miaka ya 20 na kitu, wa kike wanachelewa kidogo, na kuanza kwa kujitenga na kuacha usafi ndo njia yake ya kawaida.

Sasa sitasema utoto hauna maana, nitakuwa nakudanganya. Mwaka 1998 Vincent Felitti na wenzake walichapisha utafiti wa maelfu ya watu wazima Marekani wakawauliza kuhusu kupigwa, kudhalilishwa, kuona mama anapigwa, kuishi na mlevi au mfungwa. Waliokuwa na mambo manne au zaidi ya hayo, hatari ya ulevi, dawa za kulevya, sonona na kujaribu kujiua ilikuwa mara 4 mpaka 12 ya wale ambao hawakuwa na hata moja. Hayo ni mateso. Mama aliyemwambia mtoto asirudi usiku hayumo.

Na zile nyumba za Finland alizotaja Mwalimu, ni za watoto ambao tayari walikuwa wanabeba kitu kwenye damu, na bado zinaongeza tu hatari, hazitengenezi ugonjwa kutoka hewani. Kitu ambacho kipo mikononi mwenu sasa ni kingine. Imeonekana tangu tafiti za George Brown kule London kwamba mgonjwa akirudi nyumbani kwenye kelele, kulaumiwa na kufuatwafuatwa kila dakika, anarudi wodini mapema kuliko anayerudi kwenye utulivu. Hiyo sio kwamba familia ndo ilimletea. Familia ikifundishwa ugonjwa ni nini, kurudi wodini kunapungua. Kwa hiyo hao ndugu wenye maneno, kama wanataka kusaidia, waanze na kupunguza sauti.

MamaWaWawili:

Asante mwanangu. Nimemsomea na mdogo wake.

Nilikuwa_Napaniki:

Pole sana mama. Mi naingilia kwenye ule upepo wa nesi kwa sababu kwangu ndo ulikuwa kila kitu, na naona watu wote wanakimbilia kwenye kuni.

Siku moja nipo kwenye lifti moyo ukaanza kwenda mbio, jasho, vidole ganzi, nikajua nakufa sasa hivi. Hospitali wakapima moyo, mzima. Ilitokana na nini ile ya kwanza? Sijui mpaka leo, labda kahawa, labda kazi, sikuwa nalala. Lakini ile ya kwanza sio iliyonipa ugonjwa, kilichonipa ugonjwa ni nilichofanya baada ya pale. Nikaanza kusikiliza moyo wangu siku nzima. Ukipiga kidogo tu nasema "imekuja" na woga wenyewe unaufanya upige zaidi, naona kumbe kweli imekuja, zinapanda kwa pamoja ndani ya dakika kama 10 zinafika juu kabisa. Nikaacha lifti. Nikaacha basi lililojaa. Nikaacha foleni za benki. Kila nikikimbia napata nafuu pale pale, na hiyo nafuu ndo mtego wenyewe kwa sababu ubongo unajifunza kwamba nimepona kwa vile nimekimbia, kesho unanipigia kengele mapema zaidi. Mwisho dunia yangu ilikuwa chumba na choo.

Mwanasaikolojia niliyempata hakuhangaika sana kuchimba lifti ilinikumbusha nini. Alinipandisha ngazi mbio pale ofisini kwake mpaka moyo ukaenda kasi akaniuliza unakufa? Tukaenda lifti, tukakaa ndani bila kutoka mpaka woga ukashuka wenyewe. Ilikuwa mateso mwanzoni nisiwadanganye. Kwa hiyo Mdadisi kwenye kusoma kwako usidhani ukijua chanzo ndo umepata tiba, mara nyingi unachotibu ni kile kinachoiendeleza.

Mdadisi_Pole:

Wakuu nashukuru sana, nimepata zaidi ya nilichouliza. Mama hapo juu pole na hongera kwa kusimama naye. Namba za Mwalimu zimenishusha presha. La mwisho tu, nimeona mtandaoni wanauza vipimo vya jeni, unatema mate kwenye kichupa unatuma, wanakurudishia hatari yako ya bipola na mengine. Kuna maana ya kufanya? Na kama sina cha kupima nifanye nini basi, nikae tu nisubiri?

Mwalimu_Takwimu:

Hela yako weka. Kwa sasa alama za jeni haziwezi kumwambia mtu mmoja mmoja kama ataugua au hataugua, historia ya ukoo wako unayoijua tayari inakupa karibu yote yanayoweza kukusaidia.

Dozi_Na_Maji:

Usikae kusubiri na usijichunguze kila ukifurahi kidogo pia. Kwa mtu mwenye bipola kwenye ukoo mi ningeshika vitu vitatu. Usingizi wako uheshimu kuliko watu wengine, kukesha mfululizo ni kiwashio kinachojulikana cha maniya, yaani ule upande wa juu wa bipola, kwa hiyo zile mbio za kusoma usiku kucha siku tano sio zako. Bangi achana nayo, hasa kama bado kijana.

Na la tatu watu wengi hawalijui. Ikitokea siku moja umeenda hospitali na sonona, mwambie daktari kabla hajaandika chochote kwamba mama yako mdogo ana bipola. Bipola mara nyingi inaanza na upande wa huzuni, inaonekana kama sonona ya kawaida, na dawa ya sonona ikipewa peke yake kwa mtu wa hivyo inaweza kumrusha juu mpaka kwenye maniya. Akijua ataangalia vizuri, atakuuliza kama umewahi kuwa na siku za kulala masaa mawili matatu na bado una nguvu, unaongea bila kupumua na kutumia hela ovyo, na huenda akachagua dawa nyingine kabisa. Jibu hilo swali kwa ukweli, na kama kuna mtu unaishi naye nenda naye, maana siku zile za juu mwenyewe huwa hazioni kama ni ugonjwa.